Ushauri: nataka kuandika stori ya kweli isomeke kama riwaya

Kalamu Butu: Wakuu habari za humu. Nimezoea kuandika hadithi za kubuni, sasa nataka niandike maisha ya bibi yangu mzaa mama, ila kila nikianza inatoka kama ripoti ya kikao, alizaliwa, akaolewa, akahama, basi. Nikisema niweke watu wanaongea najikuta natunga maana nani anakumbuka maneno ya miaka 40 iliyopita? Inaruhusiwa kujazia?

Bint Daftari: Kujazia hapana. Truman Capote, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu cha mauaji ya Kansas 1966 akajinadi kwamba chote ni kweli tupu, baadaye ikajulikana ile sehemu ya mwisho ya makaburini aliitunga, na mpaka leo hata wanaomsifia lazima waiguse hiyo. Maneno usiyo na uhakika nayo usiyafungie alama za kunukuu, simulia maana yake tu. Mama akisema hivi na mjomba akakataa, weka yote mawili, hapo ndo panaponoga.

Mzee wa Kona: Tatizo lako mkuu ni kutaka kubeba maisha mazima. Chukua siku moja. Mwandishi wa habari John Hersey alipoandika 1946 habari za bomu la atomiki la Hiroshima, Japani, alishika watu sita tu, akaanza na kila mmoja alikuwa anafanya nini bomu linalipuka, kuna karani ndo kwanza anageuza shingo aongee na mwenzie wa meza ya pili. Hana mbwembwe hata kidogo lakini unasoma huku umebana pumzi. Vitu kama hivyo huvipati bila kuuliza vidogo vidogo, maana ukimuuliza mtu maisha yalikuwaje atakujibu tulimshukuru Mungu, muulize nani alifungua mlango, alikuwa kavaa nini, mkononi ana nini.

Kalamu Butu: Asanteni sana, hilo la siku moja limenifungua. Sasa kuna mambo ya aibu ya ndugu ambao bado wapo hai, nafanyaje?

Bint Daftari: Jiulize kwanza kama stori inayahitaji au ni umbea tu 😂 Kama inayahitaji, badilisha majina na mwambie msomaji umebadilisha. Mhusika asome kabla hujachapisha, kwenye tarehe na matukio mwache akurekebishe, ila ulivyoliona wewe jambo hilo ni lako.

Mzee wa Kona: Na akinuna?

Bint Daftari: Atanuna tu huyo, wewe hakikisha amenunia kitu cha kweli.