Njumu za laki na nusu, soli imebanduka mechi ya pili, huu ni wizi wakuu!

Wakuu habari za jioni, japo jioni yangu mimi ishaharibika. Wiki mbili zilizopita nimenunua njumu mpya za boksi, laki na nusu, muuzaji ananiapia hizi ndo wanavaa mastaa wa Ulaya, nikaingia kingi. Mechi ya kwanza ya mchangani meno mawili yamelika upande, ya pili nageuka nipige krosi mguu ukaenda soli ikabaki chini, watu wanacheka, kocha anacheka, mpaka kipa wa wapinzani kashika goli anacheka. Nimerudisha dukani naambiwa "kaka uwanja wenu mgumu". Yaani kosa la uwanja!

Kinachoniuma ni hiki. Zamani kiatu cha mpira lilikuwa buti haswa, ngozi nene mpaka juu ya kifundo, pua ngumu kama la mjenzi, likilowa ni jiwe. Mafundi wakakuna vichwa. Fainali ya Kombe la Dunia 1954 pale Bern mvua inanyesha, Adi Dassler, yule mwanzilishi wa Adidas, akawapa Ujerumani Magharibi viatu vyepesi vyenye meno ya kufungua na kufunga, wakafunga marefu ya kushika tope, wakatoka nyuma 2-0 wakaipiga Hungaria ya Puskás 3-2 (msianze, najua sio viatu tu). Fundi kaangalia ardhi kwanza ndo akatengeneza kiatu!

Sasa tangu 1998 Nike walivyomvalisha Ronaldo wa Brazili zile Mercurial kila kampuni inakimbilia wepesi, ngozi ikatupwa huko, kiatu siku hizi ni soksi yenye meno. Kwa nyasi laini zinazomwagiliwa kabla ya mechi poa kabisa sina neno. Sisi je? Udongo umekauka kama tofali, kokoto juu, halafu tunauziwa meno marefu ya kuzama kwenye nyasi, yanazama wapi? Uzito wako wote unakaa juu ya vimeno vichache, nyayo zinawaka moto, ukigeuka ghafla goti linalia. Na za kiwanja kigumu zipo, meno mafupi mengi, ila ulizia dukani uone, unaoneshwa rangi tu, pinki, kijani ya kung'aa, sijui toleo la nani.

Mjomba wangu ana Copa Mundial, zile njumu za ngozi za Adidas, za mtumba, muundo ule ule wa 1979, nyeusi zimepauka mpaka kijivu, fundi kazishona mara mbili na kila Jumapili yuko nazo kwenye veterani. Mimi za boksi wiki mbili!!

Jezi sitaki hata kuzianza, tutakesha.

Mwenye kujua wanapouza za meno mafupi saizi 43 anicheki. Na wewe muuzaji kama upo humu, boksi lako ninalo na kesho saa tatu niko mlangoni.