Kuhusu: matone ya vitamini D ya kichanga, kliniki wananizungusha

Zaituni, Leicester, Uingereza:
Asalaam alaykum wana Tanga. Jamani nimetoka kliniki na mwanangu mikono mitupu. Mkunga mwenyewe ndo kaniambia mtoto anayenyonya apewe matone ya D kila siku, haya, nashuka mapokezi kuyaomba, yule dada hata kichwa hajanyanyua, "lete kadi ya Healthy Start", ile ya serikali ya kuwasaidia wenye kipato kidogo. Viza yangu ina NRPF, yaani sina ruhusa ya misaada ya serikali, kadi naitoa wapi? Kuna aliyepewa bila kadi?

Mama Nasra:
Hongera kwa mtoto shoga, na pole. Mie mimba ya Nasra mapaja yaliniuma mpaka nikawa sipandi basi la ghorofa juu, GP, daktari wa mtaani, anasema ujauzito tu huo, kuja kupima damu D iko chini kabisa. Kunywa mikrogramu 10 kila siku na mtoto mpe hizohizo.

Sefu:
Tusipotoshane. 10 ni za mama, mtoto ni 8.5 mpaka 10 toka azaliwe hadi mwaka mmoja, na wa maziwa ya kopo akipitisha nusu lita kwa siku hapewi, yameshatiwa humo. Na mjamzito asinywe mafuta ya ini la samaki, yana vitamini A nyingi. NRPF mtoto akiwa Muingereza chini ya miaka 4 mnaweza kuomba kadi, kipato kikiwa kidogo.

Zaituni:
Kaka Sefu mtoto sio Muingereza, mie na babake wote tuko kwa viza. Nimeuliza matone.

Mama Nasra:
Sefu we umezaa lini? 10 si ndo nilizosema!

Bi Zuhura:
Wanangu msigombane. Mjukuu wangu alishikwa degedege hajatimiza arobaini, hospitali wakasema kalisiamu imeshuka, mamake hakuwa na D ya kumpa tumboni na maziwa ya mama nayo yana kidogo sana. Ngozi zetu hizi nyeusi, baibui juu, na jua la huku Oktoba mpaka Machi ni la kuangalia tu. Kwetu Tanga, mtaa wa Chumbageni, unamtoa mtoto barazani ushampaka mafuta ya nazi, mchana unakula vibua vya soko la Deep Sea vya nazi na ukwaju, nani alikuwa anajua kidonge. Zaituni mama, famasi matone yapo ya kununua, ila soma chupa, nyingine tone moja linatosha, nyingine kadhaa.

Kombo:
Bi Zuhura vibua tena! Na mie kuvifuata niliomba viza kwenda kwetu, eti kisa pasipoti ya huku, uraia pacha tunaimbiwa kila uchaguzi, wakishapita kimya.

Sefu:
Kombo fungua mada yako.

Kombo:
Mada ipi, we si ndo uliyeulizia bei ya kontena kwenye tangazo la msiba?