Je, nikimbie Karura nikiwa na mafua?

Mkimbiaji wa Kasarani:
Hamjambo wenzangu? Tangu juzi pua yangu inachuruzika makamasi na koo linawasha, jambo ambalo si geni katika baridi hii ya Julai hapa Nairobi, ila sina homa wala kikohozi. Kila Jumamosi asubuhi kikundi chetu hukimbia katika msitu wa Karura kujiandaa kwa marathoni. Mama amenikataza kabisa kutoka nje, ilhali kocha anasisitiza kuwa jasho hutoa mafua. Nimsikilize nani?

Muuguzi Mstaafu:
Pole, mwanangu. Kocha wako amekosea, kwa sababu mafua huletwa na virusi vinavyokaa katika utando wa pua na koo, na mwili huvishinda wenyewe kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, utoke jasho usitoke. Mwaka 1998 Thomas Weidner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ball State, Marekani, walichapisha utafiti ambamo watu wa kujitolea waliambukizwa virusi vya mafua makusudi. Waliofanya mazoezi ya wastani hawakupona mapema kuliko waliopumzika, wala hawakuzidiwa.

Madaktari wa michezo huitazama shingo kama mpaka. Dalili zikiwa juu yake, yaani makamasi, chafya na koo linalowasha kidogo, zoezi jepesi halina neno. Zikishuka kifuani, ukakohoa kwa kina, viungo vyote vikauma au joto la mwili likafika nyuzi 38, usikimbie hata kidogo. Hilo nalisema kwa uzito, kwa kuwa baadhi ya virusi huweza kuingia katika misuli ya moyo na kuivimbisha, na moyo wa namna hiyo ukilazimishwa kufanya kazi kubwa, mapigo yake huweza kuvurugika ghafla hata kwa kijana ambaye hajawahi kuugua. Na tafadhali, usimeze parasetamoli ili kuishusha homa kisha ukatoka kukimbia. Joto litashuka, lakini ugonjwa utakuwa palepale.

Mkaazi wa Umoja:
Naongeza jambo moja, ndugu yangu. Siku za mwanzo ndizo ambazo mafua huambukiza zaidi, kwa hiyo afadhali ukimbie peke yako kuliko kwenda na kikundi, au kuja jimu ambako vyuma hivyohivyo vinashikwa na kila mtu. Wengine tunao wazee na watoto wenye pumu nyumbani.

Mkimbiaji wa Kasarani:
Nawashukuru sana. Kikundi nitakiacha wiki hii. Shikamoo, mama muuguzi. Je, dawa ya kuzibua pua niliyonunua kwenye duka la dawa ina shida yoyote nikitoka peke yangu?

Muuguzi Mstaafu:
Marahaba. Soma pakiti. Ikiwa ina pseudoefedrini, fahamu kwamba huongeza kasi ya mapigo ya moyo na shinikizo la damu, nawe unakimbia katika mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hata mzima huhema. Siku ya kuinywa, tembea tu. Usipoinywa, anza kwa kutembea dakika kumi, na ukiona kichwa kinauma zaidi au kifua kinabana, rudi nyumbani. Homa ikipanda, na hivi karibuni ulikuwa Kisumu au Pwani, usidhani ni mafua yaleyale: nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo.