Minazi ya babu Kaloleni: nirudi nyumbani au nibaki Mombasa?

Mkazi wa Magongo aliuliza:

Hamjambo ndugu zangu. Nina umri wa miaka 24 na ninaishi Magongo. Tangu nimalize stashahada ya ufundi wa umeme, huu ni mwaka wa pili nikifanya kibarua katika godauni moja la mizigo. Kila asubuhi tunasimama langoni tukisubiri kuitwa. Kwa wiki huitwa siku tatu au nne, na siku zilizobaki hurudi chumbani nikiwa nimepoteza nauli.

Kwetu ni Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, ambako marehemu babu aliacha minazi ipatayo 60. Mwezi uliopita nilikwenda matangani, nikamkuta dalali akihesabu nazi chini ya miti. Zile ndogo alizihesabu mbili kwa moja, na baba mdogo akapokea fedha bila kuuliza neno, kwa sababu alikuwa amekwisha kuchukua sehemu ya malipo mapema ili alipe karo ya shule. Nililala usiku huo nikiwaza kwamba mali ipo na vijana tupo, lakini tumepanga vyumba mjini tukingoja kuitwa langoni.

Nimeweka akiba ya shilingi 38,000, na nia yangu ni kununua mashine ya kukamulia mafuta ya nazi. Wenzangu wananiambia kwamba Kaloleni ni mahali pa kuzeekea, si pa kuanzia maisha. Ninawaomba wanaoujua mji ule wanishauri kwa dhati.

Mama wa Kongowea alijibu:

Mwanangu, pole kwa msiba. Nimeuza nazi katika soko la Kongowea kwa zaidi ya miaka kumi, na ninakuomba usiitoe akiba yako kwa mashine kabla hujaijua nazi yenyewe. Dalali hapati faida kwa ujanja wa kuhesabu pekee. Yeye ndiye anayemlipa mkwezi, anayetafuta gari, na anayebeba hasara ya nazi zilizopasuka njiani. Kazi hizo zote kijana wa hapo anaweza kuzifanya, na fedha zimo humo.

Nazi ikifuliwa shambani, makumbi hubaki nyumbani kwa kuni au kwa kamba, na gari lilelile hubeba nazi nyingi zaidi kwa nauli moja. Ukizichagua kwa ukubwa kabla ya kuzileta, mnunuzi hana sababu ya kukuhesabia mbili kwa moja. Tena ujue majira: kuelekea Ramadhani kila nyumba hapa inatafuta tui, na aliye na nazi wakati huo husikilizwa bei yake. Baba mdogo hakosi kulijua hilo, ila aliyekwisha kula fedha za mavuno hana tena nafasi ya kungoja.

Fundi wa Kaloleni alijibu:

Nilirudi hapa mwaka 2021 nikafungua karakana ya kuchomelea vyuma na kutengeneza vifaa vya umeme. Sijutii, lakini nitakueleza yaliyonipata.

Jambo la kwanza ni umeme. Laini iliyofika kwangu ni ya fezi moja, na mashine nyingi za maana zinahitaji fezi tatu. Mvua ikinyesha kwa nguvu, hata hiyo moja hukatika. La pili ni deni. Mteja wa hapa ni jirani au mkwe, hivyo mlango huchukuliwa leo na malipo yakangojwa hadi mavuno. Nilikaribia kufunga karakana kabla sijazoea kudai nusu ya bei kwanza.

Mafuta pia nimeyajaribu, mimi na rafiki yangu. Tulianza wakati wa masika, mbata, yaani nyama ya nazi ya kukausha, haikukauka, ikaota kuvu, na mafuta yakatoka yakinuka. Yale mazuri tuliyoyapata baadaye tuliyapeleka duka moja kubwa la Mombasa, nalo likayakataa kwa kuwa hayakuwa na alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Sasa tunawauzia wasusi na akina mama wenye watoto wachanga, na soko hilo ni dogo. Kwangu mimi lita moja hula nazi 12 hadi 15, kwa hiyo kila nazi mbovu inayoingia huisikia mfukoni.

Hata hivyo, fundi wa umeme anahitajika hapa. Pampu zinaungua, mashine za kukuna nazi zinasimama, na watu wanataka kuwekewa sola. Ningependa uje na ujuzi wako ukutangulie, mashine ifuate. Na usipange kutegemea wasafiri. Jirani zetu wa Mariakani walijenga hoteli na gereji kwa ajili ya malori, kisha mizigo ikaamriwa kupakiwa kwenye treni ya SGR, na wengi wakabaki bila wateja. Ingawa serikali iliiondoa amri hiyo mwaka 2022, aliyekwisha kuuza vifaa vyake hakurudishiwa.

Karani wa mambo ya mirathi, Mombasa, alijibu:

Naona wote mmezungumzia nazi, wala hakuna aliyeuliza minazi ni ya nani. Ikiwa shamba lingali kwa jina la babu, baba mdogo ni mwangalizi tu, nawe pia hujawa na chochote cha kuweka dhamana. Familia itahitaji barua ya chifu inayowataja warithi wote, kisha iende mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Katika Pwani yetu kuna hata mahali ambapo udongo ni wa mtu mmoja na miti iliyomo ni ya mwingine, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda.

Hili ndilo linalowakimbiza vijana kuliko ukosefu wa mitaji. Mnazi mrefu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa. Ni kijana gani atakayepanda miche mahali asipojua kama atakuwepo siku ya kuvuna? Miti ya babu inazeeka, mdudu aitwaye chonga anaitoboa, na hakuna anayeibadilisha kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba ni yake.

Kuhusu mikopo, Hazina ya Hasla, mfuko wa mikopo wa serikali, humpa mtu mmoja kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, lakini marejesho ni ndani ya siku 14. Muda huo unamfaa mwenye duka. Anayesubiri mavuno ataumia.

Mkazi wa Magongo alijibu:

Nawashukuru nyote. Mashine nimeiweka kando. Jumamosi nitakwenda kuketi na baba mdogo na shangazi zangu, na nitawaomba tuandike majina ya warithi ili twende kwa chifu pamoja. Nitajitolea kumrudishia dalali fedha zote anazodai, ili mavuno yajayo yawe mikononi mwetu. Mama, nikileta nazi 300 zilizofuliwa, utazipokea?

Mama wa Kongowea alijibu:

Nitazipokea, mwanangu. Fika alfajiri, kabla malori hayajashusha. Usichanganye nazi na koroma, na kila moja itikise sikioni kabla ya kuipakia. Isiyolia maji iache nyumbani.