Tupeane uzoefu: kipuri kidogo cha cherehani kimegoma kupatikana, unakisaka vipi?

Pindo_Mbili

Wakuu, salaam. Cherehani ya kichwa cheusi, iwe Singer ya zamani au Butterfly, mara nyingi husimamishwa na kitu cha ukubwa wa kucha: springi, skrubu, au mpira wa kujazia bobini (kigurudumu kidogo cha uzi wa chini). Tuwekeane hapa namna ya kukitambua kipuri, kukipima na kukipata, pamoja na madhara ya kuweka kisicho chake. Tuandike vipimo, ili aliye Nachingwea amwagize mtu Kariakoo na kuletewa kinachoingia.

Naanza na bobini na kikasha chake, maana ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Ukimwambia muuzaji "nipe ya Singer" atakupa iliyo karibu na mkono wake, na Singer ziko za aina nyingi. Ichunguze cherehani yako kwanza. Ikiwa kikasha kimesimama wima upande wa kushoto, chini ya sindano, na unakivuta kwa kilimi chake cha nje kinatoka na bobini ndani, hiyo ni klasi ya 15 (klasi ni namba ya muundo wa Singer). Butterfly za kanyagio zimefuata muundo huo. Ikiwa unasogeza kibati cha juu na kuikuta bobini imelala, hiyo ni klasi ya 66. Na ikiwa bobini ni ndefu na nyembamba, inakaa ndani ya chombo chenye umbo la mtumbwi, uko kwenye klasi ya 27, 28, 127 au 128. Hizo usipoteze muda madukani. Anzia kwa mafundi wanaohifadhi vichwa vibovu.

Bobini za 15 na 66 zina upana unaokaribiana, kama milimita 20, kwa hiyo macho yanadanganyika. Ilaze juu ya kioo: ya 15 ina nyuso bapa, ya 66 imebinuka kidogo pande zote mbili. Ukilazimisha bapa kwenye 66, uzi wa chini unakaza na kulegea wenyewe, na hakuna tensheni (kibano cha kukaza uzi) utakayoirekebisha ikatulia.

Kikasha kipya kipimwe hivi: weka bobini yenye uzi, shika ncha ya uzi, kiache kining'inie. Kisishuke chenyewe. Ukitikisa mkono kidogo kishuke sentimita chache kisha kisimame. Skrubu ya kurekebisha ni ile kubwa kwenye kile kibati cha springi. Igeuze kidogo sana, chini ya robo mzunguko kwa mara moja. Ile ndogo inashikilia tu, iache.

Nati na Skrubu

Mkuu umeanza vizuri. Mimi nasisitiza skrubu, kwa sababu hapa ndipo vichwa vizima vinapoharibiwa.

Skrubu nyingi za Singer na za cherehani zilizonakili muundo wake si za milimita. Kuna 9/64 ya inchi yenye meno 40 kwa inchi, na 11/64 yenye meno 40. Ukipima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), ya kwanza ina unene wa karibu milimita 3.57 na ya pili 4.37. Sasa fundi anachukua skrubu ya M4, yaani ya milimita 4, ya duka la vifaa vya ujenzi, anaiweka kwenye tundu la 11/64. Inaingia, lakini inacheza. Akiikaza inashika kwa meno mawili matatu, inakwangua, na siku ya pili tundu halishiki hata skrubu yake halisi.

Kutambua bila kalipa: chukua skrubu unayoijua ni yake, hata ya sehemu nyingine ya kichwa hicho hicho, ziweke ubavu kwa ubavu meno yaingiliane, kisha zielekeze kwenye mwanga. Zikifanana, meno yanazama yote na mwanga haupiti. Zikitofautiana utaona zimeshikana mwanzoni na kuachana kadiri unavyoelekea mwisho. Meno 40 kwa inchi ni hatua (nafasi kati ya jino na jino) ya milimita 0.635, M4 ya kawaida ni 0.7, kwenye meno kumi tofauti inafika zaidi ya nusu milimita, inaonekana kwa macho matupu.

Usiulize skrubu hizi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Uliza wanaouza spea za cherehani za kiwandani, kwani nazo zinatumia vipimo hivyo hivyo.

Mama Zulfa

Nauliza wakuu, mpira wa kijaza bobini ukikatika na duka la spea hawana?

Pindo_Mbili

Dada, huo ni o-ringi tu, mpira wa duara. Pima kipenyo cha mfereji unaokaa mpira, chagua ringi ambayo tundu lake ni dogo kuliko mfereji kwa milimita moja hivi, ili ijivute na kushika. Unene wake ujaze mfereji na utokeze kidogo, la sivyo haugusi gurudumu la mkono. Wauza spea za pikipiki na mafundi bomba wanazo za saizi nyingi. Nenda na hicho kigurudumu chenyewe mkononi ujaribu hapo hapo. Kisha futa mafuta yote. Mpira wenye mafuta unateleza, na baada ya muda unalainika na kuvimba.

Kanyagio

Mkanda wa ngozi wa cherehani ya kanyagio: unene ni 3/16 ya inchi, karibu milimita 5, na unaouzwa huwa na urefu wa mita 1.8 hivi. Zungusha kamba kwenye magurudumu yote mawili upate urefu, kisha kata ngozi ikiwa fupi kwa sentimita 2, maana mpya inavutika. Toboa milimita 5 kutoka kila ncha, pitisha kipini cha waya, kibane kwa koleo hadi kilale. Usifunge kamba ya nailoni. Inateleza, na fundo linagonga kila likipita. Usikaze kupita kiasi pia, kanyagio litakuwa zito na utakula bushi za gurudumu.

Nati na Skrubu

Kwa wanaoagiza kutoka mbali: kwanza tazama kipuri kama kina maandishi. Vingi vya Singer vimegongwa nembo ya SIMANCO (kifupi cha jina la kampuni ya Singer) na namba. Isafishe kwa mswaki na mafuta ya taa, isome kwa mwanga wa pembeni. Namba hiyo ina thamani kuliko jina lolote utakalolitaja. Namba ya kichwa, ile iliyogongwa kwenye kitako upande wa kulia, nayo itume. Zilizotengenezwa kuanzia 1900 na kuendelea huanza na herufi.

Picha zipigwe tatu, juu, chini na ubavuni, rula ikiwa sambamba na kipuri na simu ikiwa wima juu yake. Ukituma sampuli kwa basi, ishone au igundishe kwenye boksi gumu. Bahasha tupu inatobolewa na kipuri kinabaki kwenye buti.

Mama Zulfa

Na ile springi nyembamba ndani ya tensheni, inayovuta uzi? Yangu imekatika mkono.

Kanyagio

Hiyo usiichome moto ukitaka kuikunja upya, itapoteza ukakamavu. Inunuliwe. Unapofungua tensheni, panga vipande kwenye kitambaa cheupe kwa mfuatano vinavyotoka, na upige picha. Mwambie muuzaji mambo mawili: tensheni yako iko upande wa mbele unaokutazama au kwenye bamba la kushoto, na msokoto wa springi unaelekea wapi. Ya msokoto tofauti inaingia bila shida, ila mkono unavuta kinyume.

Ukishafunga, zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Springi imalize kuvuta uzi pale ncha ya sindano inapogusa kitambaa. Ikiachia mapema, uzi unalegea na kunaswa. Ikichelewa, inauvuta wakati sindano imeshazama, na mshono unaruka. Geuza shina la tensheni kidogo kidogo hadi ikae hapo.