Furaha ya kuchora imenipotea, nahofia nawaambukiza watoto ninaowafundisha

Habari zenu wakuu. Nachora picha za mtindo wa Tingatinga mwaka wa kumi na moja sasa, nauza kule Msasani. Jumamosi nafundisha watoto wa mtaani kwetu Mbagala, bure, tunakaa chini ya mwembe.

Twiga nawachora hata nimefumba macho, maana ndio wanaonunuliwa. Mkono unakwenda, moyo haupo. Mwezi uliopita binti wa miaka tisa alimchora mama yake akikaanga mihogo, moshi wote kaupaka rangi ya waridi. Nikamwambia moshi hauwi hivyo, nikachukua brashi nikamrekebishia. Akanyamaza. Jumamosi iliyofuata kachora twiga, twiga wangu kabisa, mpaka madoa. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Mzee Edward Saidi Tingatinga alipouanzisha mtindo huu mwaka 1968, hapa hapa Dar, alitumia hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Hakusomea uchoraji popote. Nalifikiria hilo kila siku.

Naomba ushauri kwa mnaofundisha, iwe kuchora, ngoma au ususi: mtoto unamfundishaje kushika brashi na kuchanganya rangi bila kumwondolea jicho lake? Na yule binti nimwombe radhi mbele ya wenzake au tukiwa na mama yake tu?

Kwa upande wangu, kodi ya chumba inategemea twiga hao, siwezi kuwaacha. Kuna aliyepoteza raha ya kazi yake kisha ikamrudia? Ilirudije?