Kutembea kwa miguu bonde la mto Célé, Ufaransa

MtuWaWete: Assalam alaykum jamani. Dada yangu kaolewa Toulouse, mwezi wa tisa nnakwenda kumtembelea inshaallah, sasa nnataka nitembee kwa miguu huko mashamba, pembezoni mwa mto, nipite vijijini. Nianzie wapi na njia nitaijuaje?

Bi_Forodhani: Waalaykum salaam. Yakhe nenda bonde la Célé, wallahi kuzuri! Njia yake ni GR 651 (GR ndiyo njia ndefu za miguu za huko Ufaransa), inaachana na GR 65 ya mahujaji wa Kikristo baada ya mji wa Figeac, inafuata mto mpaka karibu na Bouziès unapoingia mto Lot, majabali meupe yamesimama wima na vijiji vimejibanza chini yake. Ukifika Cabrerets usiliache pango la Pech Merle, mna picha za farasi za maelfu ya miaka, tiketi chukua mapema.

Pemba_Kwetu: Alama ni mstari mweupe juu, mwekundu chini, ukiona imepigwa msalaba rudi, si njia yako. Maji beba mengi, nchi ya mawe ya chokaa ile, mvua inazama chini tu.

MtuWaWete: Shukran sana. Na kulala?

Bi_Forodhani: Kuna nyumba za wapitanjia zinaitwa gîte, vyumba vya pamoja, nyingi wanapika chakula cha usiku. Ukipiga simu sema kabisa huli nguruwe.